Wazazi wenzangu wa Mbeya, toeni hita kwenye kibwawa cha watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua manake hili jambo nimekaa nalo moyoni toka likizo ya mwezi wa 6 na naona linazidi kusambaa mtaani.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole hapa Mbeya. Watu wa Dar wanafikiri nchi nzima ni joto kama kwao, lakini sisi huku tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kipupwe kikishaingia ukifungua bomba asubuhi maji yanauma vidole. Sasa siku hizi wazazi wengi wamenunua vile vibwawa vya plastiki vya kujaza upepo, unakiweka uani, unajaza maji, watoto wanacheza. Tatizo ni baridi. Mtoto anaingia dakika tano anatoka anatetemeka meno yanagongana, na bado anang'ang'ania kurudi. Hapo ndo mzazi anaanza kutafuta namna ya kupasha yale maji na hapo ndo hatari inapoanzia.

Jirani yangu alienda dukani kuulizia, muuzaji akampa hita ya koili, hii hii ya kutumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoga, akamwambia weka tu humo kwenye kibwawa wacha masaa kadhaa watoto waingie. Akafanya hivyo. Ekstensheni imepita juu ya majani yaliyolowa, hita inaning'inia kwenye kijiti juu ya maji, na watoto wote wa jirani wamezunguka wanasubiri. Mwanangu wa kati ana miaka 7, akanyoosha mkono kugusa maji kama yamepata moto, akapiga ukelele akaanguka nyuma. Aliniambia "mama maji yameniuma". Nilikimbia nikachomoa plagi ukutani, mikono yangu yote ilikuwa inatetemeka. Alikuwa hajaingia, Mhariri, alichovya vidole tu. Angekuwa ameshatumbukia mzima mzima sijui leo ningekuwa naandika barua gani.

Baadae fundi umeme alikuja akaifungua ile hita tukaona koili imepasuka sehemu ndogo sana, ufa kama unywele. Alituelewesha kwamba ule waya unaopata moto uko ndani ya bomba la chuma umezungukwa na unga wa kuzuia umeme usitoke, bomba likipasuka au likiliwa na kutu maji yanaingia na umeme unatoka, na mtu aliyelowa ngozi yake inapitisha umeme kirahisi kuliko mtu mkavu. Alafu nyumba yenyewe waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umekatika siku nyingi, na ile breka inayojikata yenyewe umeme ukivuja, zile zimeandikwa 30mA, haikuwepo kabisa. Nikajiuliza ni nyumba ngapi mtaani kwetu zinayo hiyo breka. Na hata kama unayo, hita ya ndoo imetengenezwa kwa ajili ya ndoo ambayo hakuna mtu ndani yake, unachemsha, unachomoa, unatoa hita, ndo unagusa maji. Kuiweka kwenye maji ambayo watoto wanapigania kuingia ni kuchezea maisha yao.

Na tuseme isingekuwa na hatari yoyote, bado haina faida. Kibwawa chetu ndani kina urefu wa mita 2, upana mita 1.4, maji tunajaza sentimita 35, hiyo ni karibu lita 1,000. Kupandisha lita 1,000 za maji kwa digrii 10 kunataka karibu yuniti 12 za umeme. Hita ya kilowati 2 itakaa humo karibu masaa sita ndo ifikishe, na hapo sijahesabu joto linalopotea hewani wakati inapasha. Kwa sisi tunaolipa zaidi ya shilingi 350 kwa yuniti ni zaidi ya elfu nne kwa siku moja ya kuogelea, na kesho yake maji yamepoa unaanza upya.

Sasa nieleze tunavyofanya nyumbani kwangu toka siku ile, manake sitaki niwe mtu wa kukataza tu. Huku kwetu Mungu katupa kitu kimoja, kipupwe chetu ni cha baridi lakini mvua hakuna na anga linakuwa jeupe, jua linawaka toka asubuhi mpaka jioni. Nilinunua mpira mweusi wa maji, ule wa poli wa robo tatu inchi, mita 100, nikamwomba kijana akauzungusha juu ya bati kama konokono, ncha moja tumeunga kwenye bomba la uani na ncha nyingine inashuka mpaka kwenye kibwawa. Mpira wote unashika kama lita 30. Kuanzia saa 4 asubuhi nafungulia maji yajae humo, nafunga, naacha nusu saa au zaidi kidogo jua lipige, alafu nafungulia yale ya moto yashuke kwenye kibwawa na mengine ya baridi yajaze nafasi yake. Narudia hivyo mpaka saa 8 mchana, inafika mara saba hivi. Ila maji ya kwanza kutoka yanaweza kuwa ya moto kweli kweli kwahiyo watoto wanakaa mbali mpaka nimalize na niyakoroge.

Kibwawa chenyewe asubuhi sikijazi mpaka juu, naacha nafasi ya hayo maji ya kwenye bati, na nakiweka pale ambapo kivuli cha nyumba hakifiki. Nilinunua na kipimajoto. Asubuhi maji ya bomba yalikuwa digrii 16, saa 8 mchana yakasoma 26, na watoto walikaa humo zaidi ya nusu saa bila kutetemeka. Sikutumia hata yuniti moja ya umeme.

Lakini kitu ambacho kimenisaidia kuliko vyote, na watu wengi hawakijui, ni kufunika. Maji hayapoi kwa sababu ya hewa ya baridi peke yake, yanapoa zaidi kwa kupanda kuwa mvuke, na upepo ukivuma ndo balaa zaidi. Lita moja tu ya maji ikiondoka kama mvuke inaondoka na joto la kutosha kupoza lita zaidi ya 500 kwa digrii moja. Ndo maana unaweza ukahangaika mchana kutwa alafu asubuhi unakuta yamekuwa ya barafu. Tumia nailoni nyepesi inayopitisha mwanga, ukipata ile yenye mapovu ya hewa inayofungiwa vioo na simu ni nzuri zaidi, ilaze juu ya maji kabisa iguse maji, mchana jua linapita linapasha na usiku joto halitoki. Nailoni nyeusi haifai sana, inakuwa ya moto yenyewe juu na maji ya chini yanabaki baridi. Na chini ya kibwawa usiweke kwenye udongo mtupu au sementi, tandika maboksi makavu au godoro la zamani kwanza, ardhi ya Mbeya inanyonya joto usiku kucha.

Hapo kwenye kufunika naomba nisikilizwe vizuri. Nailoni ikishawekwa juu mtoto hatakiwi kuwa karibu kabisa, manake akiteleza akaingia chini yake hutamwona. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja tu. Wakati wa kuogelea nailoni inatoka yote, sio nusu, na mtu mzima anakaa pale pale, sio jikoni anachungulia dirishani. Mkimaliza msiache maji wazi, kama hamtumii kesho mwageni kwenye bustani, maji ya uvuguvugu yaliyokaa siku tatu nne bila dawa yanaharibika haraka, na mbu wanataga humo.

Kuna wanaochemsha kwa jiko wanamimina. Inafanya kazi, siwezi kusema haifanyi. Huku juu maji yanachemka kwenye digrii 94 hivi, ndoo 5 za lita 20 zilizochemka ukimimina kwenye lita 900 zenye digrii 17 zinafika karibu 25. Lakini fikiria mkaa wa kuchemsha ndoo tano ni kiasi gani, na fikiria mtu anapita uani na sufuria la maji yanayochemka huku watoto wanakimbizana. Kuungua kwa mtoto ni sekunde. Na maji ya moto hivyo yakipiga moja kwa moja kwenye plastiki yanailegeza pale kwenye maungio, kibwawa kinapasuka. Ukilazimika basi watoto wafungiwe ndani kwanza, mimina katikati kwenye maji ya baridi ambayo yako tayari, taratibu, koroga, pima kwa kiwiko cha mkono ndo uwaite.

Mahoteli wanatumia mashine zinazovuta joto kutoka hewani, zinakula umeme kidogo kuliko joto zinalotoa, lakini bei yake sio ya mtu wa kibwawa cha upepo kwahiyo hiyo naiacha.

Ombi langu kwa wauza maduka, tafadhali sana, mteja akija kuulizia kitu cha kupasha kibwawa cha watoto msimpe hita ya ndoo, hata kama ndo iliyopo na hata kama anaitaka mwenyewe. Mwambieni hapana. Na kwako Mhariri, ukiweza mtafute fundi mwenye leseni aeleze kwenye gazeti jinsi ya kukagua ethi ya nyumba na ile breka ya 30mA inafungwaje na inagharimu kiasi gani, manake sisi kina mama ndo tunaobaki nyumbani na watoto na wengi wetu hatujawahi kufungua hata kile kiboksi cha umeme ukutani. Jirani yangu ile hita ameivunja akaitupa, na sasa hivi mpira wangu mweusi unapita juu ya bati lake pia, tunapokezana, Jumamosi kwao, Jumapili kwetu.

Mama wa watoto watatu,
Uyole, Mbeya