Mheshimiwa Waziri, mtoto huyu asipange foleni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,

YAH: DOZI YA KWANZA KWA MTOTO WA SARATANI MWENYE HOMA

Kipimajoto kilisoma 38.4, saa tano usiku. Ilikuwa siku ya tisa tangu binti yangu amalize dripu ya tibakemikali, na muuguzi wa wodi ya saratani alikwisha kutuonya kwamba kati ya siku ya 7 na ya 14 ndipo chembe nyeupe za damu huwa chini kabisa. Tukatoka mbio. Hospitalini tukapewa namba, tukakaa. Mtoto hakohoi, hana kidonda, anachezea kamba ya kiatu changu. Wa mapokezi akamtazama, akaanza kuita wanaolia. Simlaumu sana.

Maana usaha na uvimbe huletwa na chembe zilezile ambazo dawa imezifagia. Neutrofili, yaani chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, zikishuka chini ya 500 kwa mikrolita moja ya damu, maambukizi huenda yasionyeshe dalili yoyote ila homa. Na wanaotuambia “mngemfungia ndani asingeugua” wajue kwamba mara nyingi bakteria ni wa utumbo wake mwenyewe, wamepenya kwenye utando uliochubuliwa na dawa. Wengine huota kwenye mrija wa mshipani.

Madaktari wa saratani hulenga dakika 60 tangu mtoto afike hadi antibiotiki iingie mshipani. Damu ya kuotesha bakteria maabara huchukuliwa kwanza, lakini majibu hayasubiriwi. Sisi tulisubiri dirisha la malipo, tukasubiri daktari, tukasubiri majibu, mwisho tukasubiri mwenye funguo za kabati la dawa. Dozi iliingia saa kumi alfajiri, mikono ya mwanangu imeshakuwa ya baridi na kamba ya kiatu haitaki tena. Alilala siku kumi na moja chumba cha mahututi. Yuko hai.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wawe wanapona. Lengo hilo likitajwa, watu huwaza mashine na dawa ghali. Mimi naomba kadi. Mzazi akiionyesha mapokezi, mtoto apite moja kwa moja, muuguzi wa zamu awe na ruhusa ya maandishi kuanza dozi, dawa iwe kwenye kabati la dharura, malipo yafuate. Tena kila familia itoke wodini na kipimajoto cha kwapani, ikiwa imeelezwa isikimbilie dawa ya kushusha homa kabla ya kupiga simu wodini, kwani huificha homa yenyewe.

Mzunguko wetu wa tibakemikali unaofuata unaanza Jumatatu ijayo. Siku ya saba itaangukia Jumapili, na Jumapili usiku pale mapokezi huwa kuna daktari mmoja.

Wako mtiifu,
Mama wa mgonjwa