Tulivyoazimwa Makunduchi

Ujiji, Kigoma
Mwezi wa nane

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi wewe na Baba Neema, pamoja na wanangu wote hapo Tabora. Sisi huku wazima, tunasumbuliwa na vumbi la kiangazi tu. Najua unanidai habari tangu siku ile treni iliposimama ukatukimbilia dirishani na dumu la asali. Nilisema nitapiga simu, lakini habari hizi zingemaliza vocha kabla sijafika nusu.

Harusi ya Dar ilikwenda salama, picha umeziona, michango imetukausha, tuyaache hayo. Habari yenyewe ni ile wikiendi tuliyovuka kwenda Unguja kwenye Mwaka Kogwa, ile sherehe yao ya mwaka mpya wa jadi, Makunduchi, kusini ya kisiwa. Unamkumbuka yule mwalimu wa hesabu aliyepanga chumba uani kwetu? Kwao ndiko huko, amestaafu na kurudi. Kila ukikaribia mwezi wa saba hupiga simu: "Njooni muoge mwaka." Safari hii tukasema, Dar tumeshafika, boti ni saa mbili tu, tusipokwenda sasa tutakwenda lini?

Saa mbili hizo muulize Juma. Alianza kutapika bandari ikiwa bado inaonekana nyuma yetu, akanyamaza tulipouona Mji Mkongwe. Mjini tukapanda daladala, tukapita msitu wa Jozani ambako dereva alipunguza mwendo kuwapisha kima punju, na magharibi tukawa mlangoni kwa mwalimu. Tuliwapelekea mawese, dagaa wetu na nusu ya asali yako (nusu nyingine nimeibakiza, usininunie). Mke wa mwalimu aliwapika wale dagaa kwa tui la nazi. Mama Neema, nisikufiche, wametushinda.

Sasa bahari. Watoto wangu unawajua, wamejifunza kuogelea ziwani kabla ya kujua kusoma, kwa hiyo walifika pwani na majivuno yao. Hawa akapiga mbizi, akaibuka anatema: "Mama, haya maji yametiwa chumvi ya Uvinza!" Wenyeji walicheka mpaka wakakaa mchangani. Asubuhi yake wakakimbilia tena pwani, wakakuta bahari haipo. Maji yamekupwa, yako mbali huko kwenye mwamba, na pale walipoogelea jana kina mama wanatembea wameinama wakitafuta pweza. Juma akataka kujua nani kayafungulia. Baba yao, kuitetea Kigoma, akaanza kumsimulia babu mmoja kwamba ziwa letu lina kina cha zaidi ya mita 1,400. Yule babu akamsikiliza kwa adabu, halafu akamuuliza: "Na huwa linakwenda wapi?" Baba Hawa hakuwa na jibu.

Mchana ukawa ndio mwaka wenyewe. Vijana wa upande mmoja wa Makunduchi wanakabiliana na wa upande wa pili, kila mmoja kashika pande la mgomba, wanatwangana. Nilidhani ni maigizo ya kufurahisha wageni. Wapi! Wanapigana kweli, ndugu na ndugu, jirani na jirani, na anayemdai mwenzake neno la mwaka mzima anamtafuta humo humo. Wazee wanasema zamani yalikuwa magongo, ndiyo maana wakahamia kwenye migomba. Mgomba mbichi una maji mengi; ukimpata mtu mgongoni unalia pwaa, unachanika tabaka tabaka, na maji yanamrukia hata asiyehusika. Mtu anabaki na kipande kama cha shubiri mkononi, anakitupa, anakwenda kuchukua kingine. Baba Hawa, mtu mzima na kitambi chake, akaingia na ile shati nyeupe ya harusi. Alipigwa moja ya bega, akatoka anacheka peke yake. Utomvu wa mgomba ukikauka unakuwa kahawia na hautoki. Nimeisugua kwa ndimu, nimeianika juani, nimekata tamaa. Ni ya shambani sasa.

Wanawake wao hawapigani, wanaimba. Wanazunguka na kanga zao mpya wakirusha mafumbo, na mengine si mafumbo tena, ni matusi ya wazi mbele ya wakwe, na hakuna anayenuna kwa sababu siku hiyo ni ruhusa. Nilijizuia kucheka nikashindwa. Kisha banda dogo la makuti likatiwa moto, watu wakalizonga na vumbi likatimka. Kilichoniudhi ni kamera. Kuna watu wamesafiri kutoka nchi za mbali wakasimama mbele ya bibi kizee, hata haoni sherehe ya kwao mwenyewe.

Ila lililonikaa moyoni ni la wageni. Kule wanaamini nyumba isiyopata mgeni siku ya mwaka haina heri, kwa hiyo usidhani tulikuwa tukiwasumbua, tulikuwa tunahitajika. Tumekaa kwenye mkeka, sinia la pilau liko katikati, akaingia mama jirani amejitanda kanga, uso umemshuka. Wageni wake wa mjini wamepiga simu kwamba hawaji. Akamwambia mke wa mwalimu, bila kuzunguka: "Wewe unao watano. Niazime." Tukaazimwa! Mimi, Hawa na Juma tukavushwa uani kwake, tukawekewa sinia jingine la pilau na mkate wa kumimina, na yeye akakaa pembeni akitutazama tunavyokula. Hawa alikuwa ameshiba hasemi, lakini kila alipotaka kunawa mikono yule mama alimwongezea kipande cha pweza. Tulipoaga alinishika mkono muda mrefu, akasema mwaka wake sasa umekaa sawa.

Nilimuuliza mwalimu asili ya mambo haya. Akaniambia ni Nairuzi, mwaka wa jua uliotoka Uajemi pamoja na wale wanaojiita Washirazi, na kwamba wakulima na wavuvi wa pwani walihesabu kwa huo vipindi vyao vya kupanda na kuvua, kwa sababu miezi ya Kiislamu inafuata mwezi na inahama misimu. Jumapili akatupeleka Kizimkazi, kwenye msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Watoto walitaka pomboo, hawakuwaona, wakanuna mpaka mjini.

Mwakani twende wote. Nimeshamwahidi mwalimu, na yule mama jirani amesema safari ijayo hakopi, anataka wa kwake mwenyewe, kwa hiyo ninyi mtafikia kwake. Mwambie Baba Neema aombe likizo ya mwezi wa saba mapema, na afungashe shati jeusi. Nauli ya treni tuanze kuiweka sasa, kidogo kidogo, wewe ndiye uwe mweka hazina maana kwangu haikai.

Wasalimie nyumbani wote, na bibi mwambie shikamoo yake imefika.

Wako,
Mama Hawa