Kaka, msasa wa nini?

Kaka, shikamoo.

Ningekupigia simu, lakini nakujua: utacheka, utaniuliza habari za Simba, na maongezi yataishia hapo. Ndiyo maana naandika hadharani. Jina lako nimeliacha. Wanaokufahamu watajua.

Kaseti yako imekufa. Ile uliyoitengeneza na kunipa mwenyewe, uliyoiandika namba 7 kwa kalamu ya wino, inayobeba gemu zote za Famicom, ile mashine ya gemu ya Nintendo, kwenye kadi moja ya SD. Juzi watoto waliichomeka, skrini ikabaki kijivu. Nikaifungua nione kilichoungua. Chipu zote umezisugua kwa msasa, hazina hata herufi moja ya kuzitambulisha.

Unalikumbuka banda la gemu la kule Ngamiani? Siku mashine ilipokufa, mwenye banda aliibeba hadi kwa fundi redio, na sisi nyuma yake kama tunasindikiza jeneza. Fundi akafungua. Ndani ubao mdogo wa kijani, na katikati tone gumu la gundi nyeusi. Akasema, "Hapa sina kazi. Wamefunika." Ulikasirika kuliko mwenye mali.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba lile tone halikuficha chochote. Ilikuwa njia ya kubana gharama: kipande kitupu cha silikoni kinabandikwa moja kwa moja kwenye ubao, kinaungwa kwa nyaya nyembamba kuliko unywele, kinamwagiwa gundi isije ikakatika. Wale waigaji wa Famicom walitafuta unafuu tu. Anayeficha ni wewe.

Na wewe ulijifunzia wapi? Famicom ilitoka Japani Julai 1983, na Nintendo hawakutuachia mchoro wowote mlangoni. Kuna watu walikaa na vipimo, mguu baada ya mguu, miguu yote 60 ya soketi ya kaseti, wakaandika kila mmoja kazi yake. Wakaandika jinsi MMC3, chipu ya ndani ya baadhi ya kaseti, inavyobadilisha kurasa za kumbukumbu, na jinsi inavyohesabu mistari ya skrini ili sehemu ya juu ya picha isogee na ya chini itulie. Wengine waliivua prosesa ya 6502 ganda lake kwa asidi (ndiyo ambayo kiini chake kimo ndani ya prosesa ya Famicom), wakaipiga picha kwa hadubini, wakazifuata transista zake karibu 3,500 hadi ukaweza kuitazama ikifikiri kwenye kompyuta yako. Ulinionyesha wewe, usiku, umeme ulivyorudi. Kulipia hukulipa hata shilingi.

Najua kilichokuuma. Ulihangaika miezi minane kuifanya chipu ya volti 3.3 isikilizane na mashine ya volti 5 bila kuungua. Halafu jamaa akanunua moja, akaichukua kama ilivyo, akauza nakala kwa nusu bei, na zilipoanza kuharibika wateja wake wakaja kukutukana wewe. Ningekuwa mimi, ningetafuta zaidi ya msasa.

Lakini msasa umemzuia nani? Itazame GDEMU, ile bodi inayokaa mahali pa kisoma diski kwenye Dreamcast, mashine ya gemu ya Sega. Mtengenezaji hakuutoa mchoro wake, na nakala za Kichina zimejaa sokoni hata hivyo. Anayeiga kwa ajili ya kuuza ana vifaa na ana muda. Anayeshindwa ni mimi, mwenye kaseti moja na pasi ya lehemu ya kuazima. Upande wa pili kuna Keir Fraser na FlashFloppy yake, programu ya vile visoma disketi bandia vya Gotek, ambayo aliiachia watu wote bure kabisa. Leo mwenye Amiga, ile kompyuta ya zamani, iliyokufa kisoma disketi haulizi anunue nini.

Sikwambii ugawe jasho lako. Ulipokuwa unauza nilikutetea, hata shemeji anajua. Bodi ni zako, uza, na mchoro ubaki kabatini kwa muda unaouza. Ugomvi wetu unaanzia hapa: umeacha. Uliuza kama arobaini hivi, ukahamia kwenye sola, na sasa mwaka wa pili hujibu ujumbe wa mteja. Zile kaseti arobaini ziko majumbani mwa watu, na anayeweza kuzitibu ni mtu mmoja ambaye yuko juu ya paa anafunga paneli.

Kama unaogopa yule jamaa, tumia leseni ya CERN ya michoro ya vifaa, ile yenye herufi S. Akiubadilisha mchoro wako na kuuza bodi, analazimika kutoa na wa kwake. Sina hakika kama ataijali, mtu mwenyewe unamjua. Ila wengine arobaini watapata pa kuanzia.

Na kama mchoro hutoi, basi nijibu hili moja. Karibu na kona, upande wa kadi, kuna chipu ndogo ya miguu mitano. Nimepima: volti 5 zinaingia, hakuna kinachotoka. Ni chipu gani ile, kaka?