Karatasi za bosi wa mgodi zisiishie kufungia karanga

Ndugu Mhariri,

Kila anapofariki mkurugenzi au meneja mkuu wa zamani wa mgodi, magazeti huandika alikosoma, vyeo alivyoshika na mwaka aliostaafu. Makabati yake hayatajwi. Arobaini ikishapita, nyumba ya Oysterbay au Msasani inapangishwa, karatasi zinauzwa kwa kilo, na baada ya wiki chache zinaonekana Kariakoo zimefungia karanga. Tunaomba barua hii izifikie familia hizo kabla mnunuzi wa karatasi hajabisha hodi.

Tazama Mwadui, mgodi wa almasi mkoani Shinyanga. John Williamson, mjiolojia wa Kanada, aligundua almasi pale 1940 na akauendesha mgodi kama mali yake hadi alipofariki Januari 1958. Baadaye De Beers na serikali ya Tanganyika wakaumiliki nusu kwa nusu. Miaka ya 1970 serikali ikajiongezea hisa, 1994 De Beers wakarudi na asilimia 75, na 2009 sehemu hiyo ikawa ya Petra Diamonds. Mgodi unapopata mwenyewe mpya, mafaili hugawanyika: mengine hubaki mgodini, mengine huletwa makao makuu Dar es Salaam, na mengine huondoka na bosi anayestaafu. Bwawa la tope la mabaki ya mgodi, kama lile lililopasuka Mwadui tarehe 7 Novemba 2022, huongezwa kimo kidogo kidogo kwa miaka mingi. Anayetaka kujua tabaka fulani la ukuta lilijengwa lini na kwa udongo gani hana pa kutazama zaidi ya ripoti za mwezi za mameneja wa wakati huo.

Kwenye dhahabu umuhimu wa karatasi ni uleule. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa 1966, na mgodi wa sasa ukaanza uzalishaji 2000. Kote Kanda ya Ziwa wachimbaji wadogo wanafukua karibu na mashimo ya wakati wa ukoloni yaliyojaa maji. Ramani inayoonyesha njia ya chini ya ardhi ilipoishia inaokoa roho za watu. Mafuriko ya machimbo ya tanzanaiti ya Mererani ya 1998 na 2008 yametuonyesha maji yanavyoua shimoni.

Tatizo ni kwamba ramani peke yake inaweza kudanganya. Migodi mingi ilipima kwa gridi (mistari ya vipimo) yake yenyewe, kuanzia kigingi kimoja, na kigingi hicho kimeelezwa kwenye daftari la mpima tu. Ukitupa daftari, ramani imebaki pambo. Hata ile yenye majira ya nchi, yaani namba za kutaja mahali kwenye ramani, mara nyingi imetumia mfumo wa zamani wa vipimo uitwao Arc 1960. Ukiyaingiza majira hayo kwenye GPS iliyowekwa WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, bila kuyabadilisha, utakosea karibu mita 300 kaskazini au kusini. Vipimo vya sampuli vina mtego wake pia. Karatasi ikisema "3 dwt", hizo ni penniweti tatu za dhahabu kwa tani ya mawe, na penniweti moja ni gramu 1.555. Lakini tani ipi? Kwa tani fupi ya ratili 2,000 unapata gramu 5.1 kwa tani ya metriki. Kwa tani ndefu ya ratili 2,240 unapata 4.6. Jibu huwa limo kwenye barua iliyoambatana na matokeo, ndiyo maana tunasisitiza jalada lisivunjwe.

Basi msipange upya. Hilo ndilo kosa kubwa la familia zenye nia njema: barua zinatenganishwa na ramani, "muhimu" na "takataka". Pigeni picha kila droo ilivyo, ipeni namba, kisha toeni jalada zima pamoja na madokezo yake, yaani maelezo mafupi ya ofisini yaliyomo ndani. Dokezo la mstari mmoja la meneja akikataa kuchimba chini zaidi linaweza kuwa na thamani kuliko ripoti iliyojaladiwa vizuri.

Unyevu wa Dar ndio adui wa kwanza. Inueni maboksi juu ya sakafu na yaacheni mbali kidogo na ukuta, maana mchwa hupandia hapo. Ondoeni klipu na pini zenye kutu taratibu, bila kuvuta. Msibandike selotepu wala kulaminisha chochote. Michoro mikubwa iviringishwe, isikunjwe, na isianikwe juani. Ile ya rangi ya buluu hufifia haraka. Karatasi za faksi za miaka ya 1980 na 1990 zitoleeni kopi leo, kwa sababu maandishi yake yanatoweka hata ndani ya bahasha. Filamu inayonuka siki itengwe na nyingine mara moja.

Kuhusu umiliki, shajara na barua binafsi ni za familia. Mafaili ya kampuni ni ya kampuni, hata kama yalilala chumbani kwa mzee miaka ishirini. Aliyeongoza shirika la umma kama STAMICO (Shirika la Madini la Taifa), lililoanzishwa 1972, alishika nyaraka za umma, na Sheria Na. 3 ya 2002, ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka, inazihusu. Hizo zipelekwe Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga. Takwimu za jiolojia mahali pake ni Taasisi ya Jiolojia, Dodoma. Karatasi binafsi zinaweza kutolewa kwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Popote zinapokwenda, daini hati ya makabidhiano yenye orodha ya maboksi. Kama kuna taarifa za afya au mishahara ya wafanyakazi, kubalianeni zifungwe kwa miaka mingapi, sharti hilo liandikwe kwenye hati, na familia ibaki na nakala iliyosainiwa na kugongwa muhuri.

Wenu,
Watunza nyaraka za migodi,
Upanga, Dar es Salaam