Usiuziwe garimoshi kwenye gunia

Swahiba wangu,

Rasimu ya zabuni uliyonitumia nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, kwa hiyo usishtuke ukiona ilivyochorwachorwa. Nimefurahi kwamba kamati yenu ya makumbusho hatimaye imekubali ile injini ya mvuke ya garimoshi, iliyokaa kama sanamu miaka yote hii, ifunguliwe na Mungu akipenda iwashwe tena. Lakini ile sentensi ya ukurasa wa kwanza, "mkandarasi atakagua na kukarabati injini kwa bei moja isiyobadilika", ifute. Ifute leo, kabla katibu hajaipeleka popote.

Hebu fikiria unachoomba. Unamtaka mtu akutajie bei ya kitu ambacho hajakiona ndani, na wewe mwenyewe hujakiona. Fundi makini ataongeza fungu nene la kujikinga, au hatajitokeza kabisa. Atakayebaki ni yule anayetaja bei ya chini ili aingie mlangoni, halafu akishainyanyua boila, lile pipa la chuma linalochemsha maji kuwa mvuke, kutoka kwenye fremu anaanza kukuletea madai ya nyongeza, leo hili, kesho lile. Na huna pa kwenda, maana injini yako iko vipande vipande kwenye karakana yake.

Sisi yalitupata, unajua. Ila sikuwahi kukusimulia siku tuliyovunja mkataba na kurudishiwa mali yetu. Ilikuja kwa malori: fremu, boila, na madumu yaliyojaa boliti, nati, valvu na kabari, vyote vimemwagwa pamoja bila kibandiko hata kimoja. Nilikaa sakafuni wiki nzima na kaliba ya kupimia na michoro ya zamani, nikijaribu kujua nati ipi ni ya wapi. Zilikuwa zinafanana, lakini uzi wa hii haukubali wa ile. Tangu siku hiyo kifungu cha kwanza ninachokiandika kwenye mkataba wowote ni hiki: kila kinachofunguliwa kipigwe picha kikiwa mahali pake, kipewe namba ya chuma, kiandikwe kwenye daftari, na kibaki mali ya makumbusho hata kama kimekwisha kabisa.

Kwa hiyo fanya mikataba miwili. Wa kwanza ni wa ukaguzi peke yake, ulipiwe kwa ukamilifu, na aliyekagua asiruhusiwe kuomba kazi ya ukarabati. Mwamba ngoma huvutia kwake. Simaanishi kwamba atadanganya. Ila macho ya mtu anayengoja kazi huona ubovu pale penye faida na kuruka pale penye usumbufu.

Na huo ukaguzi uwe ukaguzi kweli, si kuzunguka na tochi. Kwanza kabisa, koti la boila lisiguswe na mtu yeyote mpaka lipimwe asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ya kuzuia joto. Injini nyingi za zamani zilifunikwa nayo, na vumbi lake huua polepole. Likiondolewa na wenye ujuzi huo, ndipo mirija ya moshi itolewe ili ndani paonekane, na unene wa bamba upimwe kwa mawimbi ya sauti, nukta kwa nukta, kwenye ramani iliyochorwa. Sisitiza chini kabisa, pembezoni mwa tanuri, yaani kile chumba cha moto, ambako tope la maji hujikusanya na kula chuma kimyakimya. Ekseli na pini za krenki zitafutwe nyufa. Matairi ya chuma ya magurudumu yapimwe, kadhalika beringi na silinda. Hayo fundi yeyote anayeheshimika atayafanya bila kuambiwa.

Stei ndizo zinazoachwa nusunusu. Ni zile boliti fupi, mamia kwa mamia, zinazoshikanisha ukuta wa tanuri na ukuta wa nje ili mvuke usizitenganishe. Kuna fundi mzee alinipa nyundo ndogo akaniambia niingie tanurini, nigonge moja moja na kusikiliza. Nzima inalia kama kengele. Iliyokatika inajibu kwa sauti butu, kama umegonga gogo. Nyingine zina tundu jembamba lililotobolewa katikati makusudi: stei ikikatika, maji yanachuruzika hapo na kukuambia. Nilipotoka nikiwa mweusi tititi akaniuliza nimekuta matundu mangapi yamezibwa kwa kuchomelewa. Sikuwa hata nimeyaangalia. Watu huziba dalili, akasema, wakidhani wameziba ugonjwa.

Ukiona wajumbe wanaguna kuhusu gharama ya ukaguzi, wasimulie habari ya Flying Scotsman, ile injini maarufu ya mvuke. Makumbusho ya Taifa ya Reli ya Uingereza iliinunua mwaka 2004, ikaanza kuifanyia matengenezo makubwa mwaka 2006, na haikurudi njiani mpaka 2016, baada ya kumeza pauni milioni 4.2 hivi. Nyufa zaidi za fremu zilionekana kazi ikiwa imeshakwenda mbali. Wale wana wataalamu na majina makubwa, na bado.

Na akitokea wa kusema usalama ni urasimu tu, mpeleke kwenye reli ya Gettysburg, Pennsylvania, Marekani, Juni 1995. Maji yalishuka chini ya dari la tanuri, dari likapata joto, likalegea na kubomoka kwa shinikizo la mvuke. Watu watatu waliokuwa kwenye injini waliungua. Wachunguzi walikuta hata kioo cha kuonyesha maji hakikuwa kimetunzwa vizuri. Baada ya hapo Marekani iliandika upya kanuni zake: boila ifunguliwe na kukaguliwa yote kila baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, kinachotangulia. Na ijaribiwe kwa maji, kwa shinikizo lililozidi la kazi kwa asilimia 25. Kwa maji, kwa sababu maji hayashindiliki. Bamba likishindwa unapata mchirizi. Mvuke ungelipuka.

Mkataba wa pili ndio wa ukarabati, na sasa una ripoti mkononi. Hata hivyo usiombe bei moja ya jumla. Omba bei kwa kila stei, kwa kila mrija, kwa kila beringi ya kumiminwa upya, ili idadi ikiongezeka bei isigeuke mjadala. Lipa kwa hatua iliyokaguliwa, wala si kwa miezi iliyopita. Weka vituo ambapo kazi inasimama mpaka mkaguzi wa boila, asiye wao wala wenu, atie sahihi. Bima na usafirishaji mwachie mwanasheria, ila ahakikishe imeandikwa injini ikianguka kwenye winchi hasara ni ya nani.

Kuna swali nimeliandika pembeni ambalo halitawafurahisha: lazima iwashwe? Ripoti ikisema tanuri lote libadilishwe, mtakuwa na mashine inayotembea lakini nusu yake ni mpya, na chuma chenye alama za nyundo za waliokiunda kiko nje kinapata kutu. Zipo makumbusho zinazozungusha magurudumu kwa hewa iliyoshindiliwa, polepole, boila ikapumzika. Mimi mwenyewe nataka kusikia filimbi yake, nakiri. Lakini ningelipigia kura hilo baada ya ripoti, sio kabla.

Nitafutie daftari la boila, lile lenye tarehe za majaribio ya mwisho; kama halipo kabatini ulizia kwa wastaafu. Pia chukua tochi, fungua mlango wa tanuri uangalie juu darini. Panapaswa kuwa na plagi zenye madini ya risasi katikati, zile zinazoyeyuka maji yakipungua. Niambie kama zipo, au kuna mtu amezibadilisha kwa boliti za kawaida.

Ni mimi rafikiyo wa siku zote