Kampuni za malipo zieleze kwa nini zinazuia fedha zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kero inayowasumbua watu wanaouza bidhaa na huduma kwa njia ya intaneti, hasa wenye mtaji mdogo. Kampuni za malipo ya mtandaoni huzuia fedha zao, na wakati mwingine hufunga akaunti zao kabisa, bila kuwaeleza wamekosea wapi.

Mimi huuza michoro ya mishono ya nguo, ambayo mteja akishalipia hutumiwa faili kwa barua pepe. Mauzo yalipopanda ghafla, kampuni inayonipokelea malipo ilizuia salio langu lote, ikanitaka nijaze fomu yenye sehemu ya lazima ya kuandika namba ya kifurushi kutoka kwa msafirishaji. Faili halina kifurushi wala msafirishaji, na fomu haikukubali kwenda mbele sehemu hiyo ikiwa tupu. Niliandika barua pepe nikiambatanisha risiti na ujumbe wa wateja waliothibitisha kupokea walichonunua, lakini kila mara lilirudi jibu lile lile la mashine, kwamba akaunti inakaguliwa na nisubiri.

Makato tumekwisha kuyazoea, ingawa nayo humlemea zaidi muuzaji wa vitu vya bei ndogo: kiwango kinachofahamika sana cha asilimia 2.9 pamoja na senti 30 za dola, kwa mauzo ya dola 5, kinafikia karibu asilimia 9. Makato lakini hujulikana mapema, na mtu anaweza kuyaingiza katika bei yake. Fedha zilizozuiwa hazina hesabu ya namna hiyo. Mikataba ya baadhi ya kampuni hizi inaruhusu salio lishikiliwe hadi siku 180, na mtu anayeendesha biashara ya leo kwa mauzo ya jana hawezi kukaa nusu mwaka akisubiri.

Ninaelewa hofu ya kampuni hizi. Mnunuzi aliyelipa kwa kadi anaweza kulalamika kwa benki yake na kudai fedha zake, mara nyingi ndani ya siku 120, na muuzaji akiwa ametoweka, kampuni ndiyo inayobeba hasara. Kushikilia sehemu ya mauzo kama dhamana ni jambo la haki, mradi muuzaji aambiwe ni kiasi gani, kwa sababu gani na hadi lini.

Hata sheria nzuri zimetuacha nje. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Julai 2020, inayataka masoko ya mtandaoni yampe muuzaji sababu za maandishi yanapomwekea vizuizi, na kwa kawaida taarifa ya siku 30 kabla ya kumwondoa kabisa. Kifungu cha kwanza cha kanuni hiyo hiyo, hata hivyo, kinasema wazi kwamba haihusu huduma za malipo ya mtandaoni. Kwa hiyo anayemwondoa muuzaji sokoni anadaiwa maelezo, ilhali anayeshika fedha zake hadaiwi chochote chini ya kanuni hiyo. Pengo hili linanisikitisha sana.

Kampuni hujitetea kwamba sheria za kupambana na utakatishaji wa fedha zinazikataza kumtonya mtu anayeshukiwa. Ni kweli pale ambapo taarifa ya shaka imepelekwa kwa mamlaka. Lakini kitambulisho kisichosomeka, hati iliyokosekana au mauzo yaliyopanda ghafla si siri ya upelelezi, na kuyataja hakumsaidii mhalifu yeyote.

Ninaziomba mamlaka zinazotoa leseni kwa kampuni hizi, zikiwemo benki kuu, ziweke masharti ya kumpa muuzaji sababu kwa maandishi, orodha ya hati zinazotakiwa, tarehe ya mwisho ya kushikilia fedha, na afisa mwenye mamlaka ya kusikiliza rufaa. Aidha, muuzaji aruhusiwe kuwarudishia wateja fedha kutoka katika salio hilo hilo lililozuiwa. Mimi nilinyimwa ruhusa hiyo, na waliotaka kurudishiwa chao walilazimika kwenda kulalamika kwenye benki zao, yaani jambo lile lile ambalo kampuni ilisema inalikwepa.

Mfanyabiashara wa mtandaoni