Malalamiko: madirisha 40 yaliyooshwa kwa maji ya tangi kwa bei ya maji yaliyosafishwa

Nyumba ya wageni,
Njiro, Arusha.
16 Julai 2025

Meneja,
Kampuni ya usafi wa vioo,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: KAZI YA MADIRISHA TAREHE 10 JULAI NA SH 260,000 MNAZONIDAI

Jana jioni mhasibu wenu alinitumia ujumbe kwa mara ya tatu: "Mama, tunaomba kumaliziwa." Ujumbe huo ulinikuta nimesimama chumba namba 11, ghorofa ya pili, mbele ya dirisha linalotazama Mlima Meru. Mlima ulikuwa umejitokeza, na kwa Julai yetu hii ya mawingu hiyo ni bahati. Nikauona kama naangalia kupitia kitambaa cha kuchujia tui. Kioo chote kina vidoa vyeupe, kila kimoja na pete yake, na chini kabisa kwenye ukingo kuna michirizi iliyokauka. Kabla hamjaja kioo kilikuwa na vumbi tu. Vumbi linafutika.

Kwa hiyo sijamalizia, na sitamalizia kwa kazi hii. Naomba usome hadi mwisho uone kwa nini.

Kijana wenu aliyekuja kupima mwishoni mwa Juni alihesabu madirisha 40 na kutaja sh 13,000 kwa kila moja. Fundi wa kuosha kwa ngazi tuliyemzoea mtaani anachukua 5,000. Nikamuuliza hizo 8,000 za juu ni za nini. Akanieleza vizuri, na nampa haki yake, kwani kuhusu hilo hakunidanganya hata neno moja. Alisema fimbo yenu inarefuka kutoka chini, ndani yake umepita mpira wa maji, kichwani ina brashi yenye matundu yanayorusha maji. Fundi anabaki amesimama ardhini. Maji yenyewe yanapitishwa kwanza kwenye chujio la RO linaloondoa sehemu kubwa ya chumvi na madini, kisha kwenye resini, yaani punje za kunasa madini, inayomalizia yaliyobaki, mpaka kipimo kisome sifuri au karibu na sifuri. Maji ya namna hiyo yakikauka kwenye kioo hayaachi kitu, kwa sababu hayana cha kuacha. Ndiyo maana hamtumii sabuni, hamtumii mpira wa kukaushia, wala kitambaa. Mnasugua, mnasuuza, mnaondoka.

Nilikubali kwa sababu mbili. Mwaka juzi fundi wa jirani yangu aliteleza kwenye ngazi akavunjika mguu, na tangu siku hiyo kila nikiona ngazi imeegemezwa ukutani kwangu moyo unanienda mbio. Nilisoma pia kwamba Uingereza njia hii ilishamiri zaidi baada ya kanuni zao za mwaka 2005 za kazi za juu, ambazo zinataka mtu asipande pale ambapo kazi inaweza kufanyika kutoka chini. Nikaona hiyo ni akili. Nikatuma nusu, sh 260,000, kwa simu siku hiyo hiyo. (Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ya hela hiyo bado naisubiri. Na hilo nalo liwekwe kwenye faili.)

Sasa siku ya kazi. Vijana wenu watatu walifika saa mbili asubuhi na pikapu, wakaniamkia vizuri, nikawapa chai. Nyuma ya gari palikuwa na mitungi miwili ya buluu na pampu ndogo ya betri. Wakachomeka mpira kwenye bomba la simtanki langu, wakaanza na upande wa mashariki. Mimi si mtaalamu wa vioo, lakini nimekaa Arusha miaka yangu yote na maji ya huku nayajua. Yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, yana floraidi nyingi, na sisi tuliokulia huku meno yetu yanajieleza yenyewe hata tukifunga mdomo. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kwa ajili ya wageni nimeweka chujio la RO chini ya sinki la jikoni, na nina kile kipimo kidogo cha TDS, cha ukubwa wa kalamu, unachochovya kwenye glasi ukasoma namba. Hakikuambii floraidi ni kiasi gani. Kinakuambia jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, na kwa kioo cha dirisha hicho ndicho kinachotakiwa kujulikana.

Vijana walipokwenda kunywa chai, nilichukua glasi tatu. Ya kwanza nikajaza bombani kwa simtanki: 412. Ya pili nikakinga chini ya brashi yenu, maji yakiwa yanatiririka: 409. Nikadhani nimekosea, nikaisuuza glasi, nikakinga tena: 410. Ya tatu nikajaza jikoni kwangu, kwenye bomba dogo la maji ya kunywa ya wageni: 14.

Ndugu Meneja, chujio langu la chini ya sinki, ambalo ninatengenezea juisi ya pasheni, linatoa maji safi kuliko mtambo uliokuja na pikapu kuniosha vioo kwa sh 520,000.

Nikamwita msimamizi wa vijana wako, nikamwonyesha glasi. Hakubisha. Alitazama chini, akasema: "Mama, resini iliisha tangu Mei. Tunasubiri mzigo kutoka Dar." Na RO je? Chujio lake limeziba, likawekwa pembeni, maji yanazungushwa bila kupita humo. Mitungi niliyoiona ilikuwa ya kubebwa tu. Nakuomba sana kijana huyo asiguswe kwa kuniambia ukweli. Aliyestahili kuniambia ni wewe, na ulikuwa na siku kumi na zaidi za kunipigia.

Wala si ajabu resini kuisha. Kwenye miji yenye maji laini, kama sehemu nyingi za Scotland, mafundi wengi hufanya kazi na resini peke yake na inawatosha muda mrefu. Kwenye maji yenye mia nne na zaidi kama yetu, ukipitisha moja kwa moja kwenye resini bila RO kutangulia, unaichoma hela. Lazima RO ibebe mzigo mkubwa kwanza, resini imalizie. Anayefanya biashara hii Arusha anapaswa kulijua hilo kabla hajanunua fimbo.

Lakini kilichoniuma zaidi ni hiki. Baada ya kusuuza dirisha la kwanza, msichana wangu wa usafi alishika kitambaa akataka kufuta matone. Kijana wenu akamzuia: "Usifute dada, yaache yakauke yenyewe." Kwa maji yaliyosafishwa, hiyo ni sahihi kabisa. Ukifuta unarudisha uchafu wa kitambaa kwenye kioo kisafi. Kwa maji ya 410, hiyo ndiyo njia ya uhakika kabisa ya kuharibu kioo. Kila tone lilikaa pale lilipotua. Asubuhi ile palikuwa na baridi na wingu, maji hayakauki haraka, matone yakakaa yananing'inia hadi karibu saa sita. Jua lilipotoka yakakauka yote kwa mpigo, kila moja likaacha chumvi yake. Kama mngekuja na ndoo, sabuni ya vyombo na mpira wa kukaushia kama yule fundi wetu wa 5,000, vioo vingekuwa safi. Mlichukua maji ya kawaida mkayatendea kama maji maalumu.

Nimejaribu siki na maji kwenye dirisha la jikoni. Vidoa vimepungua, havijaisha, na nimetumia nusu saa kwa kioo kimoja ninachokifikia nikiwa nimesimama chini. Ghorofa ya pili nitafikaje? Kwa ngazi? Na kadiri vinavyopigwa na jua ndivyo vinavyozidi kung'ang'ania.

Vyumba vinne vya chini vina nondo kwa nje na wavu wa mbu nyuma ya nondo. Nilimwonyesha mpimaji wenu, akasema hakuna shida. Shida ipo. Brashi haipiti kwenye nondo, kwa hiyo kioo hakijaguswa kabisa. Kilicholowa ni vumbi la kiangazi lililokuwa kwenye wavu, likawa tope, likatiririka kwenye ukuta nilioupaka rangi Machi. Picha za nyumba zilizo kwenye tangazo lenu, zenye vioo vilivyo wazi na bustani mbele, ni za nyumba za Ulaya. Hapa kwetu dirisha la chini lisilo na nondo mwizi analiita mlango. Madirisha hayo manne yangetakiwa kuoshwa kwa mkono kutoka ndani, nanyi mngeniambia mapema.

Hata kwenye madirisha ya juu sikuona mtu akisugua fremu kwanza. Kama nilivyoelezwa na mpimaji wenu mwenyewe, unaanza na fremu ya juu na pembe zake, unasuuza, unasubiri matone ya uchafu yamalizike, ndipo unashuka kwenye kioo. Kwa dirisha lisilooshwa muda mrefu unarudia mara mbili. Vijana wenu walipitisha brashi mara moja, juu chini, wakahamia lingine. Madirisha 40 yalikwisha saa saba mchana, na chai ya mapumziko ikiwa humo humo.

Sasa la mwisho, ambalo ndilo lingenifanya niandike barua hii hata kama vioo vingeng'aa. Kwenye kona ya nyuma, waya wa umeme unaotoka nguzoni unaingia nyumbani kwangu usawa wa ghorofa ya kwanza. Kijana mdogo kuliko wote, nadhani hajafika miaka ishirini, aliinua fimbo ya aluminiamu, imelowa, ina maji ndani, akaisogeza hadi karibu kama mkono mmoja kutoka kwenye waya. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Aliniangalia kama vile nimechanganyikiwa. Nilipomuuliza kama ameshawahi kuambiwa kuhusu nyaya, alisema hapana. Aluminiamu inapitisha umeme. Hata kaboni faiba inapitisha. Faibaglasi ni afadhali kidogo, lakini ikilowa nayo si ya kuaminiwa karibu na waya. Niliwakataza wasiguse upande ule, na madirisha matatu ya kona hiyo hayajaoshwa. Niliondoa ngazi nyumbani kwangu ili mtu asife, nyinyi mkaniletea mtoto wa watu na chuma kilicholowa chini ya umeme.

Ninachotaka ni hiki. Wageni wangu wa msimu, kundi linalotoka Serengeti, wanaingia tarehe 24 Julai. Nataka kabla ya tarehe 22 muje mrudie madirisha 33 yaliyoharibika, kwa maji yaliyosafishwa kweli, bila malipo ya ziada, mkianza na kuondoa vidoa vilivyopo. Manne ya chini yaoshwe kwa mkono kutoka ndani, na ukuta usafishwe. Matatu ya kona ya waya msiyaguse, myatoe kwenye hesabu. Yakiwa 37, bei ni sh 481,000. Mkimaliza vizuri nitalipa sh 221,000 zilizobaki siku hiyo hiyo.

Kama resini haijafika kutoka Dar, sema hivyo kwa maandishi na unirudishie sh 260,000 kabla ya Ijumaa tarehe 18, ili nimtafute fundi mwingine kwa wakati. Sitakubali kuambiwa "tunakuja kesho" hadi tarehe 24.

Ukikaa kimya, nitapeleka makubaliano yetu, picha za vioo na picha za kipimo kwenye Tume ya Ushindani, kwa sababu kuuza huduma kwa maelezo yasiyo ya kweli ni jambo wanaloshughulikia. Suala la fimbo na waya nitalipeleka OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, na hilo nitalipeleka hata tukielewana kwenye mengine, mpaka nione vijana wako wamefundishwa na wana fimbo inayofaa. Sipendi kuyafanya haya. Mji ni mdogo na tutaendelea kukutana sokoni.

Mtakapokuja, kabla brashi haijagusa kioo, nitakinga glasi moja chini yake. Ikisoma juu ya 10, pikapu itageukia hapo hapo getini. Chai nitawapa.

Wako,

Mama mwenye nyumba ya wageni,
Njiro